Chumba cha Mzazi katika Darasa la Pili

Mwezi uliopita mzee wa mtaa aliniletea mwaliko. Alikaa barazani, akanywa kahawa yangu, akapangusa masharubu, ndipo akaniambia alichokijia. Ati kutakuwa na sherehe ya kuwashukuru wadau wote waliowasaidia wakimbizi wa vile vita vya mtoni. Nikasema, "Alhamdulillahi, kumbe tumekumbukwa." Akakohoa kidogo. Kisha akaniambia kwamba kina mama wa chama chetu tunaombwa tufike alfajiri, tuje na sufuria zetu kubwa, tuwapikie wageni pilau.

"Wageni gani?" nikamuuliza.

"Hao wadau."

"Na wadau ni kina nani, yakhe?"

Akanitajia. Kamati ya usalama. Ofisi ya mheshimiwa. Wafadhili kutoka Nairobi. Mwenye malori. Ebo! Mpaka malori yatashukuriwa, pengine yavishwe na mashada ya maua, lakini mikono iliyokosha vidonda ikoroge pilau! Nilimwambia arudi kwa aliyemtuma amwambie sufuria zetu zimetoboka zote. Mzee wa watu akaondoka bila ya kumaliza tende zake. Sina ugomvi naye, maskini, yeye ni mjumbe tu. Ugomvi wangu ni na wale watakaosimama jukwaani wasome hotuba, watutaje mwisho kabisa, baada ya mwenye vipaza sauti, "na pia kina mama kwa upishi wao mzuri".

Basi kabla hotuba yao haijasomwa, nami naandika yangu.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi katika hospitali za pwani hii, Malindi na Kilifi, tangu ningali msichana. Nilipostaafu nilirudi kwenye nyumba ya marehemu mama yangu katika mji wa kale, si mbali na soko, nikidhani kazi iliyonibakia duniani ni kuchambua mchele na kugombana na paka wa jirani. Ndipo watu wakaanza kuja kutoka vijiji vya mtoni, ambako wakulima na wafugaji walikuwa wakiuana. Mwanzo walikuwa wachache, wanashuka stendi na mabunda yao, wanauliza njia. Halafu wakawa wengi. Wakaja kwa tuktuk, kwa malori ya mchanga, wengine kwa miguu, nyayo zimepasuka.

Serikali iliita vurugu. Redioni wakaita mgogoro wa malisho. Mimi niliyewafungua watu wale bandeji naita vita. Mtu akikatwa panga la bega, nyumba yake ikatiwa moto na ghala lake likatiwa moto, na mwenziwe wa upande wa pili naye akafanyiwa vivyo hivyo, hiyo ni nini kama si vita? Au vita mpaka vije na ndege? Wanapunguza jina ili wapunguze kazi. Ukisema vurugu, utatuma askari na magunia ya unga, basi umemaliza. Ukisema vita, itakubidi ulete madaktari.

Watu wale walipewa shule moja ya msingi pembezoni mwa mji, kwa kuwa ilikuwa likizo na madarasa yako wazi. Siku ya pili nikaenda kutazama. Wifi yangu alinikuta mlangoni navaa viatu, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia, akajitanda buibui lake akafuatana nami. Wifi yangu huyu ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake. Chama chetu si cha siasa wala cha mikopo, ni cha harusi na matanga. Tuna sufuria, masinia, mikeka, mapipa ya maji, na tuna watu. Pakitokea harusi au msiba hatuitani mkutano. Kila mmoja anaijua kazi yake, na anajua akichelewa atasemwa mpaka ajute kuzaliwa.

Tulipofika shuleni tulikuta watu wamekaa uwanjani juani, na majeruhi wamelazwa juu ya madawati yaliyounganishwa. Watoto wanalia. Getini pana askari mmoja anachezea simu. Wifi yangu akasimama, akaangaza huku, akaangaza huku, akaniambia, "Wifi, hapa pana msiba usio na mwenyewe." Akatoa simu yake. Kabla ya adhuhuri tuktuk zilikuwa zimepanga foleni mbele ya geti, zimesheheni sufuria za harusi.

Na tuliiendesha kambi ile kama tunavyoendesha harusi, hakuna njia nyingine tuliyoijua. Mpishi mkuu alikuwa yule yule mpishi wetu mkuu, mwanamke wa Dabaso mwenye sauti ya kuamsha mtaa, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na pilau yake kila shehe anaililia. Wapokea wageni wakawa wapokea wagonjwa. Hao wamezoea kumtazama mtu usoni pale mlangoni wakajua huyu ana njaa, huyu ana hasira, huyu amekuja kulia. Na wale wanaompamba bibi harusi, wenye mikono myepesi, niliwakalisha kwenye mkeka nikawafundisha kusafisha kidonda na kukifunga. Wifi yangu, ambaye kuku akichinjwa yeye hukimbilia chumbani, alinishikia beseni la maji ya chumvi huku uso kaugeuzia ukutani, anasoma dua kwa nguvu. Kila nikimaliza kidonda kimoja ananiuliza, "Bado wangapi?" Namwambia, "Bado." Anaendelea kusoma.

Hospitali ilikuwa imefurika. Wauguzi wenzangu wa zamani, karibu wote wanawake, walikuwa wanaunganisha zamu na zamu, wanalala kwenye kiti. Mmoja alikuwa akiniletea pamba na dawa kila apatapo nafasi, miguu imemvimba, kisha anarudi kazini. Nimeuliza kama huyo yumo katika hao wadau. Hayumo.

Misaada ilikuja, sitasema uongo. Yalikuja magari meupe yenye bendera. Walituletea nini? Mablanketi! Mablanketi mazito ya sufu, Malindi, katikati ya jua la kaskazi, wakati ndani ya darasa mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu! Tuliyatandika chini wakalalie watoto. Na walikuja na mpiga picha. Nilikuwa nimepiga magoti nafunga mguu wa bibi mmoja, yule kijana akanigusa bega kwa adabu, akaniambia, "Mama, samahani, hebu sogea kidogo, unaziba." Buibui langu lilikuwa na damu, na nyuma yangu kulikuwa na bwana mwenye kofia safi anamkabidhi mtu blanketi. Wallahi nilisogea. Nilikuwa nimechoka hata kutukana nilishindwa. Sasa ninayo nafasi.

Siku moja alikuja mwanamke mmoja na lori la mchanga. Tulimkuta amekaa peke yake kwenye varanda ya darasa la pili, mimba imeshuka, hana bunda, hana hata kikombe. Ukimsemesha anajibu moja moja, kwa Kiswahili cha kwao cha taratibu. Tukamtandikia mkeka ndani ya darasa. Uchungu ulimshika mchana, akazaa mtoto wa kike pale pale, chini ya ukuta uliochorwa kuku na samaki na kibuyu kwa ajili ya kuwafundishia watoto kusoma.

Mtoto alitoka salama, akalia vizuri. Mama ndiye aliyenitisha. Nimezalisha wanawake wengi, naijua damu ya kawaida na naijua ile isiyo ya kawaida. Tulimbeba kwenye tuktuk, mimi nimemminya tumbo njia nzima, dereva anapiga honi kama mwendawazimu. Hospitali wakaisimamisha ile damu, wakamwongeza nyingine, na waliochangia walikuwa wanawake wa chama chetu. Lakini kitanda kilitakiwa, majeruhi wanalala sakafuni, wakamrudisha kwetu na dawa na maneno ya daktari: atulie, asinyanyue kitu, na hasa asipande gari kwenye barabara mbovu mpaka apate nguvu. Damu ikirudi, tusingoje. Nilimuuliza daktari, ikirudi akiwa njiani, mbali na hospitali? Daktari akatikisa kichwa. Tulielewana.

Wifi yangu akasema, "Hana mama hapa, hana nyumba. Arubaini yake ataikalia hapa hapa."

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa, lakini huenda na wengine wakasoma. Kwetu mwanamke aliyezaa anaitwa mzazi, na mzazi ana arubaini yake. Siku zote hizo anatunzwa: anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, anafukiziwa udi. Hatoki nje. Na mwanamume asiyekuwa wake haingii chumbani mwake, hata awe nani, hata nyumba iwe inaungua atapiga kelele nje kwanza. Basi lile darasa la pili likawa chumba cha mzazi. Tulishona leso pamoja tukazitundika mlangoni. Tukaingiza humo na wanawake wengine waliokuwa hoi, yule bibi wa mguu na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa na homa isiyoshuka.

Pana kanuni nyingine, na hii ndiyo muhimu. Mzazi haulizwi habari za huzuni. Hapelekewi habari ya msiba, hata akiwa amefiwa na mamake aliyemzaa anafichwa, kwa sababu tunasema akilia maziwa yatakatika. Mimi nimesomea uuguzi, na sikuikuta hiyo vitabuni kama tunavyoisema sisi, lakini niliishika. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza yule mwanamke lolote. Mumeo yuko wapi? Hatukuuliza. Ilikuwaje huko? Hatukuuliza. Tulimkanda, tukamlisha, tukamsifia mtoto, tukamchekesha kwa porojo za mjini. Alikuwa akitabasamu kidogo, kwa heshima tu.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Ndipo akaja bwana mkubwa wa ofisi ya serikali. Namwita hivyo kwa kuwa ndivyo alivyotembea. Ni mtoto wa pwani hii hii, mama yake akiuza mahamri Kibarani, mwanamke mwenye adabu zake, Mungu amrehemu. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikamwitikia marahaba. Akasema hali imetulia, viongozi wa pande mbili wameshikana mikono, na mheshimiwa atakuja shuleni hapa kutangaza kwamba watu wote wamerudi makwao. Kwa hiyo kesho kutwa yatakuja malori, na madarasa yawe meupe.

"Makwao wapi, mwanangu? Si kumechomwa?"

"Watapewa mahema."

"Na dawa watampa nani azigawe?"

"Hayo yanashughulikiwa."

Hayo yanashughulikiwa! Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kuiona sura ya huyo anayeshughulikia. Nikamwambia kuhusu mzazi. Nikamweleza damu, nikamweleza daktari alivyosema, nikamwambia barabara ile ya mtoni yeye mwenyewe anaijua, mashimo kwa mashimo. Alinisikiliza huku anaangalia saa yake. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mama, hata huko mtoni wanawake huzaa."

Jamani. Nilitaka kumrushia beseni. Wifi yangu alinishika mkono kwa nyuma, akanifinya. Yule bwana akaaga vizuri, akaingia kwenye gari yake.

Kesho kutwa yake malori yakaja, asubuhi jua halijakaza. Lililokuja mbele liliegeshwa katikati ya uwanja, injini inanguruma. Watu wakaanza kupakiwa. Wapo waliotaka kurudi, haki lazima isemwe. Mtu ana shamba lake, ana ng'ombe aliyepotea anataka kumtafuta. Lakini wengi walipanda kwa kuwa wameambiwa wapande. Yule mpishi wetu wa Dabaso alikuwa akiwapa vifurushi vya mkate huku analia na kutukana kwa pamoja.

Bwana mkubwa akaja mlangoni mwa darasa la pili, askari nyuma yake. Sisi tulikuwa ndani. Tuliona kiatu chake kimesimama chini ya leso.

"Hodi," akasema.

"Hodi ya nani?" wifi yangu akamjibu. "Hapa pana mzazi."

Kiatu kikarudi nyuma. Wallahi kilirudi! Askari mmoja, mgeni wa pwani, hakuelewa, akashika leso akitaka kuifungua, na bwana mkubwa mwenyewe ndiye aliyemvuta mkono. Hakutaka aibu ile. Adabu aliyofundishwa na mama yake wa mahamri ilikuwa bado imo mwilini, kazi haijaimaliza yote. Kwa kitambo nikadhani tumeshinda. Nikasahau kwamba mwenye amri hakosi njia. Nikamsikia anaita kwa sauti, "Yule askari wa kike yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipowaka. Kumbe wanawake wanajulikana walipo pindi wanapohitajiwa wakawatoe wanawake wenzao! Leso ikafunguliwa, akaingia msichana wa watu, kijana, bunduki begani. Kabla hajasema salamu nilikuwa nishamrukia. "Umekuja kumtoa? Haya mtoe! Anza na damu yake kwanza, ipo hapa kwenye kitambaa, itazame! Wewe mamako alikuzaa kwenye lori?"

Hakunijibu kwa ukali. Alivua buti zake pale mlangoni, akaweka bunduki pembeni mwa ukuta, akasogea akachutama karibu na mkeka. Ndipo nikaona kifua cha shati lake la kazi kimelowa. Akaona ninapotazama.

"Nimeacha wangu nyumbani, mama," akasema. "Ananyonya. Niliitwa kazini tangu jana."

Nikampisha. Alimtazama mzazi, akatazama kitambaa nilichomwonyesha, akatazama mtoto. Akavaa buti zake, akachukua bunduki, akatoka. Tukamsikia pale nje.

"Afande, huyu hawezi kusafiri."

"Sikukutuma ukampime. Nimekutuma ukamtoe."

"Naelewa, afande. Hawezi kusafiri."

"Mheshimiwa anakuja kesho! Nitamwambia nini, darasa moja limebaki kwa sababu ya mwanamke mmoja?"

Mimi nikatoka. Nikamwambia wazi kwamba akimpandisha yule mwanamke kwenye lori atamuua, na kwamba nitalisema hilo mbele ya mheshimiwa, na mbele ya wanahabari, na kwenye kaburi la mama yake. Akaniambia nisimtishe. Nikamwambia simtishi, namfundisha. Sauti zilipanda. Watu waliokuwa kwenye lori wakainuka wakawa wanatazama. Wifi yangu naye akatoka, mpishi akaja na mwiko mkononi, ikawa zogo.

Katikati ya zogo lile leso ikafunguka, akatoka mzazi.

Nataka ifahamike alichokifanya. Mzazi hatoki. Hatoki mbele ya wanaume, kichwa kimefungwa kitambaa cha ndani, mkaja tumboni, miguu mitupu, mtoto mkononi. Nilikuwa sijawahi kuliona maishani mwangu, na sijaliona tena. Kelele zikakatika zenyewe. Wanaume wakatazama chini, hata bwana mkubwa akatazama chini. Nilimkimbilia nimshike, akanizuia kwa mkono wake mwingine. Akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, na kila mtu alisikia.

"Bwana, mimi ndiye unayenitaka. Niangalie."

Bwana mkubwa hakuinua uso.

"Nilitoka kwetu nimeshika watoto wawili, huku mmoja, huku mmoja. Nimefika barabarani mikono mitupu. Huyu ndiye aliyenibakia. Kama ni lazima nirudi kule, nipandishe wewe. Usimtume mtu. Nishike kiuno, unipandishe kwa mikono yako, watu wote waone."

Watoto wawili! Tulikuwa tumemkosha mwili mzima, tunajua kila alama ya ngozi yake, na hilo hatukulijua. Wifi yangu alikaa chini palepale mchangani.

Dereva wa lori akazima injini. Kulipokuwa kimya hivyo, tukasikia mtu anateremka. Alikuwa bibi mmoja mzee, anashuka kinyumenyume, mguu unatafuta tairi, na kifurushi chake cha mkate kwapani. Akafika chini, akajifunga leso yake vizuri, akaja akasimama karibu na mzazi. Akafuata mwingine. Wakafuata wengi. Bwana mkubwa akauliza, "Nani amewaambia mshuke?" Wakazidi kushuka. Akauliza tena, mara hii kwa sauti ndogo. Halafu akaenda kwenye gari yake, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu bila kuondoka. Mwishowe aliondoka.

Kambi ilibaki mpaka wagonjwa walipopona, na shule ikafunguliwa kwa madarasa yaliyokuwa wazi. Lakini si hilo linaloniuma. Kinachonichoma mpaka leo ni hiki: damu haikutosha kuwa ushahidi. Neno la daktari halikutosha. Neno langu, na miaka yangu yote ya kazi, halikutosha. Ilibidi mwanamke mgonjwa atoke na watoto wake waliokufa, awaweke uwanjani mbele ya wanaume wenye bunduki, ndipo aaminiwe kwamba ni mtu. Kwa nini? Nani ataniambia kwa nini? Katika hotuba zote nilizowahi kuzisikia, hakuna aliyewahi kulijibu.

Tulimrudisha ndani tukamlaza. Nikamwangalia, damu ilikuwa imetoka kidogo tu, nikamshukuru Mungu. Wifi yangu akakaa kichwani pake, akamshika mkono, akavunja kanuni iliyokuwa imebaki. Akamuuliza, "Wanao waliitwa nani?"

Akatutajia. Majina yao ni yake, sitayaandika. Lakini baada ya kuyataja alilia, na alilia kwa sauti, kilio kile tunachokijua sisi watu wa matanga, kinachotoka chini kabisa. Wanawake wote waliokuwa mle ndani wakalia naye. Wifi yangu akaanza kuwasomea dua wale watoto marehemu. Mpishi wetu akaanza wimbo wa kanisani kwao, taratibu, na hakuna aliyemnyamazisha. Kwetu sisi uzazi na msiba havikai chumba kimoja. Siku ile vilikaa.

Mtoto naye akaanza kulia kwa njaa. Tukamweka kwa mamake, akavuta, akavuta, akapiga kelele zaidi. Hakupata kitu. Nikatazamana na wifi yangu, na nilijua anawaza kanuni ile ile ninayoiwaza mimi.

Leso ikafunguliwa. Alikuwa yule askari wa kike. Amevua buti tena, kofia ameishika mkononi. Mimi ni muuguzi, nayajua yote yanayosemwa juu ya magonjwa na kumnyonyesha mtoto wa mwenzio, na ningeweza kuyataja. Sikuyataja. Akamtazama mzazi usoni kumwomba ruhusa, na mzazi, machozi yanamtiririka, akaitikia kwa kichwa. Akaketi kwenye mkeka, akafungua vifungo vya shati la serikali, akasema, "Nipeni."

Akamnyonyesha mpaka mtoto akashiba.